Rungwe kwa miguu: mwongozo kamili wa kuizunguka nchi iliyojengwa na volkano

Omba beseni la maji gesti uliyofikia Tukuyu, mji mkuu wa wilaya ya Rungwe, kisha tumbukiza jiwe uliloliokota ukingoni mwa barabara ulipokuwa unateremka safu ya milima ya Uporoto. Likielea, umeokota jiwe sahihi. Ni kipande cha pumisi, jeupe lililofifia, limejaa vitundu kama andazi lililoumuka kupita kiasi. Lilirushwa likiwa ujiuji wa moto uliojaa gesi, likaganda hewani kabla gesi haijamaliza kutoka. Vitundu unavyoviona ni nyumba za gesi hiyo.

Ninaanzia kwenye beseni kwa sababu wageni wengi wa Rungwe huanzia Ziwa Ngozi, lililo ndani ya shimo la volkano. Wanapanda, wanapiga picha, wanarudi Mbeya kabla ya saa kumi jioni. Ziwa wameliona, volkano hawajaiona. Mwongozo huu unakupeleka kwa mpangilio mwingine: kwanza kilichoanguka kutoka juu, kisha mlima uliobomoka, kisha lava iliyotiririka, mwisho mashimo yaliyochimbwa na mvuke. Siku nne zinatosha, tano kama unataka kupanda Mlima Rungwe wenyewe.

Kabla ya kufunga begi: hii ni nchi ya namna gani

Bonde la Ufa likifika kusini-magharibi mwa Tanzania linakutana na njia panda. Tawi moja linakwenda Rukwa, jingine Usangu, la tatu linashuka hadi Ziwa Nyasa. Pale matawi matatu yanapokutana ganda la dunia limevutwa huku na huku, likachanika, na moto ukapata pa kutokea. Ndiyo maana milima mitatu mikubwa ya volkano, yaani Ngozi, Rungwe na Kyejo, imesongamana katika eneo dogo ambalo kosta inalivuka kabla hujamaliza karanga zako.

Usiwaamini wanaosema volkano hizi zimekufa. Kyejo ulimwaga lava takriban mwaka 1800, yaani enzi za mababu wa mababu wa watu wanaokuuzia ndizi leo. Zimelala, na zinapumua, kama utakavyoona kwenye sehemu ya gesi hapa chini. Hiyo sehemu usiiruke.

Popote utakaposimama, jiulize swali moja: kitu hiki kilianguka, kilitiririka, au kilibomoka? Majivu na pumisi huanguka, vikatandaza ardhi kama blanketi lenye tabaka. Lava hutiririka, hivyo hufuata mabonde na mito kama uji unavyofuata mwinuko wa sahani. Mlima uliotapika kila kilichomo hubaki bila nguzo, ukadidimia na kuacha shimo kubwa liitwalo kaldera. Kuna na namna ya nne, maji kukutana na moto chini ya ardhi, lakini hiyo ngoja tufike Masoko.

Hatua ya kwanza: msimu, mavazi na mahali pa kulala

Nenda kati ya Juni na Oktoba. Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa Tanzania, na kuanzia Machi hadi Mei njia za msituni hugeuka sabuni. Juni na Julai kuna baridi ya kung'ata na ukungu wa asubuhi. Mimi napendelea Septemba.

Fanya Tukuyu kuwa kambi yako, si Mbeya. Ni mji ulio karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, gesti zipo za kila mfuko, na kila kituo cha mwongozo huu unaweza kukifikia asubuhi ukarudi jioni. Beba koti la mvua hata kama anga ni jeupe, sweta, viatu vyenye meno chini, tochi, na pesa taslimu za noti ndogo. Gambuti zinauzwa sokoni, na usione aibu kuzivaa kwa sababu wenyeji ndizo wanazopandia.

Salamu pia ni mzigo wa kubeba. Wazee waamkie shikamoo, na ukisaidiwa sema "ndaga fijo", ahsante sana kwa Kinyakyusa. Maneno hayo mawili yamewahi kunipatia maziwa ya mgando ya bure.

Hatua ya pili: isome barabara

Kutoka Mbeya panda kosta au haisi ya Tukuyu au Kyela. Ukifika Uyole gari linaiacha barabara ya Dar es Salaam na kuanza kupanda safu ya Uporoto, katikati ya mashamba ya viazi mviringo. Kaa dirishani. Ukivuka mgongo wa safu na kuanza kuteremkia Isongole, Ngozi uko kulia kwako na Rungwe kushoto.

Shuka Isongole. Usiifuate lami, malori yanayokwenda mpaka wa Malawi hayana huruma kwenye kona zile. Ingia njia ya kijijini inayopita kati ya mashamba, utafute mahali udongo ulipokatwa, iwe ni ukingo wa njia, korongo dogo au shimo la kujengea. Simama hatua tatu mbali nao.

Juu kabisa utaona udongo mweusi, ule unaolimwa. Chini yake kuna mkanda wa rangi hafifu, kama mtu amemwaga makombo ya mkate. Chini ya mkanda huo, udongo mweusi tena. Huo udongo wa chini ndio unaonisimamisha kila mara: ulikuwa uso wa nchi, una mizizi na nyasi zake, siku moja ukafunikwa. Chukua kidogo uusugue vidoleni. Wa juu na wa chini vinafanana kabisa, ila kati yao pameanguka anga zima.

Mmoja wa milipuko mikubwa iliyoacha mkanda wa aina hii ni wa Mlima Rungwe wa miaka 4,000 hivi iliyopita. Nguzo ya majivu na pumisi ilipanda zaidi ya kilomita 30 angani. Siku ile upepo ulikuwa karibu haupo, kwa hiyo mawe hayakupeperushwa upande mmoja kama kawaida, yalinyesha kuuzunguka mlima pande zote. Kanuni ya kusoma mkanda ni nyepesi: punje zikiwa kubwa na mkanda mnene, uko karibu na chanzo, na vikipungua unakwenda mbali nacho.

Okota jiwe moja, dogo, lililoanguka lenyewe. Usichokonoe ukingo kutoka chini, maana pumisi haishikani na huporomoka bila kuaga.

Hatua ya tatu: Ngozi, na hapa tutakaa kidogo

Mwambie konda mapema: "Nishushe Mchangani, kwenye kibao cha Ngozi." Kutoka barabarani hadi msitu unapoanzia ni kilomita kadhaa. Unaweza kutembea, ila asubuhi ni bora kuchukua bodaboda ili miguu yako uitumie mlimani. Patana nauli ya kwenda na kurudi, lipa nusu, nusu nyingine akija kukuchukua. Ukilipa yote utarudi kwa miguu, nimeshafanya utafiti huo mwenyewe.

Ngozi uko ndani ya msitu wa hifadhi, na kiingilio kinalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, hivyo pita ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu mjini Tukuyu siku moja kabla, upate namba na mwongozaji kwa pamoja. Wageni kutoka nje hulipa zaidi kuliko raia. Bila mwongozaji usiende, kwani njia zinagawanyika na ukungu ukishuka kila mti unafanana na mwenzake.

Mara yangu ya kwanza nilikwenda mwezi wa nne, nimevaa raba za mjini zenye soli laini. Mwongozaji, kijana mwenye gambuti na panga, alinitazama miguuni akasema, "Kaka, leo utaomba msamaha kwa kila mti." Nikacheka. Sehemu ya mwisho kabla ya ukingo ni mteremko mkali ambao ngazi yake ni mizizi, na katikati ya mizizi kuna tope la majivu ya kale, laini kama poda iliyolowa. Niliikumbatia miti yote aliyoitaja. Simu niliipata jioni, imejaa tope hadi kwenye tundu la chaji. Tangu siku ile simu naifunga ndani ya mfuko wa plastiki.

Kupanda ni saa moja na nusu hivi kwa mwendo wa mtu wa kawaida. Utapita migomba mwitu yenye majani makubwa kuliko mlango, utapita mianzi, na ukinyamaza unaweza kuwasikia mbega juu. Kisha, bila onyo, miti inafunguka na ardhi inakwisha. Ziwa liko mamia ya mita chini yako, kijani cha maziwa, limezungukwa na ukuta wa msitu pande zote.

Watu wengi hapo huuliza kilele kiko wapi. Kilele ndicho hicho unachokitazama, kimeingia ndani. Mlima ulitoa kilichokuwa tumboni, dari likakosa mhimili, likadidimia. Fuata kwa macho mstari wa ukingo mzima, upige picha akilini ya mlima mrefu zaidi uliokuwa ukikalia duara hilo. Hakuna mto unaotoka ziwani kwa juu, kwa hiyo maji ya mvua hubaki ndani ya bakuli au kupotea kwa kupenya na kukauka. Mlipuko mkubwa wa mwisho wa Ngozi haujatimiza miaka 1,000. Majivu ya moto ya mlipuko ule hayakupanda tu juu, yalitambaa chini kama mafuriko na kujaza mabonde ya upande wa kusini.

Je, ushuke hadi majini? Mteremko ni mkali sana na una mashiko mabaya. Kiangazi, na mwongozaji mwenye kamba, miguu mizima na muda wa kutosha, unawezekana. Msimu wa mvua jibu langu ni hapana. Ukiniuliza, ukingoni ndipo volkano inapoonekana, kule chini unaona maji tu.

Ngozi ni mahali pa heshima kwa wenyeji. Usirushe mawe, usipige mayowe kusikiliza mwangwi, na usiache chupa.

Hatua ya nne: Mto Kiwira, mahali lava ilipogeuka daraja

Shuka Kibwe, kaskazini mwa Tukuyu, uchukue bodaboda kuelekea magharibi hadi Daraja la Mungu. Ni daraja la mwamba, limeuvuka Mto Kiwira bila fundi wala saruji. Lava ilishuka ikafuata bonde la mto, kwa sababu lava kama maji hutafuta chini. Juu ikapoa na kuwa ganda, huku maji yakitafuta njia pale palipokuwa laini. Kazi iliyobaki ni ya mto: kusaga chini miaka nenda rudi, hadi likabaki tao.

Usiishie kulipiga picha kwa mbali. Shuka pembeni palipo salama utazame mwamba kwa chini. Utaona rangi nyeusi, vitundu vidogo, na nyufa ambazo mwamba ulijichora wenyewe uliponywea wakati wa kupoa. Linganisha na pumisi iliyo begini. Moto ni ule ule, ila mwamba huu haukurushwa hewani, ulitembea, ndiyo maana ni mzito.

Kijungu kiko karibu, mto huohuo. Maji yote yanaingia kwenye shimo la mwamba lenye umbo la chungu, yanazunguka, yanatokea chini ya jiwe. Kiko ndani ya eneo la Chuo cha Magereza Kiwira, hivyo ripoti getini, jiandikishe, na kamera yako iangalie mto tu, isiangalie majengo. Mwamba unaozunguka chungu umelainishwa na unyevu. Kaa mbali na mdomo wake, na watoto washike mkono. Anayeingia mle hatoki kwa kuogelea.

Hatua ya tano: Masoko, shimo lisilo na mlima

Sasa ile namna ya nne. Kusini-mashariki mwa Tukuyu ardhi inashuka kuelekea Kyela, joto linapanda, migomba inakuwa mingi zaidi, na katikati yake kuna vijiziwa vya mviringo: Masoko, Ilamba, Ikapu, Itamba, Kingiri, Katubwi. Ukiwa Masoko utautafuta mlima usiuone. Haukuwahi kuwepo. Ujiuji wa moto ulipanda ukakutana na maji ya ardhini, maji yakageuka mvuke kwa ghafla, na ardhi ikapasuka kama sufuria iliyobanwa kifuniko. Lililobaki ni shimo lililojaa maji yenye kina cha mita 38 hivi na ukingo mwembamba wa vifusi. Tembea ukingoni utafute mawe yenye pembe kali yaliyochanganyika ovyo ndani ya majivu. Hayo ni mawe ya zamani ya eneo hilohilo, yaliyovunjwa na mlipuko.

Masoko haina mto unaoingia wala unaotoka juu ya ardhi. Samaki walioingia humo wamejikuta kisimani, na ndani ya kipindi kifupi, kama miaka 1,000, jamii moja ya samaki wadogo wa ukoo wa perege imeanza kugawanyika mbili: madume wa maji mafupi ni wa njano, wa kina kirefu ni wa bluu iliyokolea. Wanasayansi wamekuja hapa kutoka mbali kwa ajili ya samaki hao. Muulize mvuvi akuonyeshe ndoo yake, utaona rangi zote mbili kama bahati ni yako.

Kando ya ziwa kuna boma la Wajerumani. Wenyeji husimulia kwamba Wajerumani walipokimbia katika Vita ya Kwanza ya Dunia walitupa fedha na silaha ziwani, na utauziwa sarafu zinazosemekana zimetoka humo. Mimi sinunui. Ila itazame vizuri ukiipata ya heller, sarafu iliyoanza kutumika katika koloni lao mwaka 1904, kwa sababu neno hela ulilonalo mdomoni limetokana nayo.

Ukiwa upande huu, maporomoko ya Kaporogwe yanafaa nusu siku. Maji yanaanguka karibu mita 40 kutoka kwenye mdomo wa mwamba wa lava, na nyuma ya pazia la maji kuna uwazi wa kusimama. Mwamba mgumu wa juu umebaki, laini wa chini umeliwa. Utalowa.

Gesi isiyoonekana

Katika eneo la Kyejo na mabonde yanayouzunguka, kabonidayoksaidi hutoka ardhini. Ni nyingi kiasi kwamba huvunwa, ikajazwa mitungi na kutumika kwenye soda. Haina rangi wala harufu ya kukuonya, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa hujilaza kwenye vishimo na vibonde visivyo na upepo, hasa alfajiri kukiwa kumetulia. Waswahili wa Goma, mashariki mwa Kongo, huita mahali kama hapo mazuku.

Ukikuta ndege, panya au wadudu wamekufa pamoja bila jeraha, usiiname kuwatazama. Geuka, panda juu, waambie wenzako. Usipumzike kwenye kishimo hata kama kina kivuli kizuri, usimtangulize mtoto wala mbwa, na mtu akianguka ndani usimrukie kichwakichwa, kwani utakuwa wa pili. Kabla ya kutembea upande wa Kyejo uliza wenyeji ni wapi ng'ombe hawapelekwi.

Hatua ya sita, kwa wenye miguu: Mlima Rungwe

Huu ni karibu mita 2,960 na unataka siku nzima. Njia iliyozoeleka inaanzia Rungwe Misheni, kituo kilichofunguliwa na wamisionari wa Moravian mwaka 1891. Kibali ni kwa Wakala wa Misitu kama Ngozi. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, na jiwekee saa ya kugeuka: saa saba mchana, umefika au hujafika. Mawingu ya alasiri hapa hayana mjadala.

Msitu wa chini ndiyo nyumbani kwa kipunji, nyani mwenye manyoya ya kahawia na kishungi kichwani. Wawindaji wa Rungwe walikuwa na jina lake tangu zamani, sayansi ikalipokea mwaka 2005, na mwaka uliofuata ikabidi atengewe jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake la ukoo. Kumwona ni bahati, mlio wake unasikika zaidi. Juu ya msitu ni mianzi, kisha nyasi na vichaka, kisha ukingo wa shimo lililopasuka. Ubavu wa kusini-magharibi uliporomoka zamani na kumwagika bondeni, ndiyo maana duara la kilele halifungi.

Siku ya kurudi Mbeya kaa upande wa kulia wa kosta, Rungwe ubaki dirishani kwako. Mawingu yakikubali, utaliona pengo. Na lile jiwe la kwenye beseni waachie gesti, litawafaa kusugulia visigino.